Kupigwa na kunyimwa: namna Katie McLaughlin alivyoyapambanua madhila ya utotoni

Msomaji anayetaka kujua jinsi utoto mgumu unavyoathiri afya ya akili atakutana mapema sana na namba moja inayodai kupima kiasi cha madhila ambayo mtu aliyapitia kabla ya kufikisha miaka 18. Namba hiyo ilianzia San Diego, katika jimbo la California. Huko, katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti wa shirika la afya la Kaiser Permanente alikuwa akiwahudumia watu wenye unene wa kupindukia, na alishangaa kuona kwamba baadhi yao waliacha matibabu wakati uzito ulikuwa unapungua vizuri. Alipowahoji kwa utulivu aligundua kwamba wengi wao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono utotoni. Akaungana na Robert Anda wa Vituo vya Kudhibiti Magonjwa vya Marekani, na mwaka 1998 wakachapisha utafiti wa watu wazima 9,508 walioulizwa kuhusu aina saba za madhila, zikiwemo kupigwa, kutukanwa, kufanyiwa ukatili wa kingono, kumwona mama akipigwa, na kuishi na mlevi au mfungwa wa zamani. Kila aina ilipewa alama moja. Waliofikisha alama nne au zaidi walikuwa na hatari kubwa mara 4 hadi 12 ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua, wakilinganishwa na wale ambao hawakuwa na alama hata moja.

Utafiti huo ulifanya kazi ambayo hotuba nyingi za haki za mtoto hazikuweza kuifanya: uliwafanya madaktari wa moyo, wa ini na wa mapafu wakubali kwamba kinachotokea sebuleni na chumbani kwa mtoto wa miaka sita kinaihusu fani yao. Hata hivyo, kujumlisha kuna gharama yake. Ukishajumlisha, huwezi tena kuona ulijumlisha nini.

Wachukulie watoto wawili. Wa kwanza, kila jioni, hutega sikio akisikiliza hatua za baba yake uani, na kwa namna kiatu kinavyogusa sakafu hujua kama usiku huo mama atapigwa. Wa pili hapigwi wala hatukanwi na mtu. Hushinda kwenye kitanda cha chuma pamoja na watoto wengine wengi, hulishwa kwa zamu, hubadilishwa nguo kwa zamu, na jua huchwa bila mtu kumwambia neno lililokusudiwa kwake yeye peke yake. Katika kuhesabu alama, watoto hawa wanaweza kulingana kabisa. Swali ambalo Katie McLaughlin amelifanyia kazi kwa miaka mingi ni kama ubongo wa watoto hawa nao unaona kwamba wamelingana.

McLaughlin ni mwanasaikolojia wa Marekani aliyesomea mambo mawili kwa pamoja katika chuo kikuu cha Yale: saikolojia ya tiba, na elimu ya mienendo ya magonjwa katika jamii. Mchanganyiko huo unaonekana katika kazi yake yote, kwa sababu ana tabia ya kwenda na kurudi kati ya takwimu za maelfu ya watu na mtoto mmoja aliyekaa mbele ya skrini ya maabara. Mwaka 2012, yeye na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za kitaifa za vijana wa Marekani 6,483 pamoja na wazazi wao. Asilimia 58.3 ya vijana hao walikuwa wamepitia angalau dhila moja. Kisha watafiti wakakokotoa ni kiasi gani cha magonjwa ya akili kinachohusishwa na madhila hayo, wakapata asilimia 28.2 ya matukio yote ya ugonjwa kuanza. Namba hii husomwa vibaya mara nyingi. Haisemi kwamba asilimia 28 ya watoto walioteswa wanaugua. Inasema kwamba iwapo madhila hayo ndiyo kweli yanayosababisha magonjwa, na iwapo yangeweza kuondolewa yote, basi zaidi ya robo ya magonjwa ya akili yanayoanza katika umri huo yasingetokea.

Kilichowasumbua watafiti katika takwimu hizo ni kwamba madhila hayakuchagua ugonjwa. Aina moja ya dhila ilihusishwa na sonona, na wasiwasi, na ukorofi wa tabia, na matumizi ya dawa za kulevya, vyote kwa pamoja. Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema kwamba utoto mbaya huleta kila baya. McLaughlin aliona kwamba jibu la namna hiyo halimsaidii mtu anayetaka kutibu, kwa kuwa halionyeshi njia ambayo dhila linapita mpaka kuufikia ugonjwa.

Mwaka 2014, akiwa na mwenzake Margaret Sheridan, alipendekeza kwamba badala ya kuhesabu matukio tutazame ndani yake na kuuliza yana nini. Walitaja mambo mawili ya msingi. La kwanza ni tishio, yaani kuwapo kwa jambo ambalo halikupaswa kuwapo katika maisha ya mtoto: kipigo, ukatili wa kingono, vurugu ndani ya nyumba, hatari ya kuumizwa. La pili ni kunyimwa, yaani kukosekana kwa jambo ambalo ubongo wa mtoto unalitarajia ili ukue: mlezi asiyebadilika, maneno anayoelekezwa yeye, vitu vya kushika na kuchezea, mtu wa kumjibu anapolia na kumjibu tena anapocheka. Dhila moja linaweza kuwa na vyote viwili kwa viwango tofauti, na kwa sababu hiyo wao huviita vipimo, wala hawavichukulii kama makapu mawili ya kugawia watoto.

Neno kunyimwa linahitaji uangalifu, hasa kwetu, kwa sababu msikilizaji wa kwanza hudhani linamaanisha umaskini. Umaskini huongeza uwezekano wa kunyimwa, kwa kuwa mzazi anayetoka alfajiri na kurudi usiku hana saa za kuzungumza na mtoto, lakini vitu hivi viwili vinatofautiana. Bibi anayeketi jikoni kwenye moshi akimtegea mjukuu vitendawili, akimwambia hiki ni kitunguu, hiki ni kitunguu saumu, kinuse, sasa niambie kipi kinawasha macho, anampa mtoto huyo kile hasa ambacho nadharia hii inakizungumzia, hata kama nyumba haina umeme. Naliona hili kuwa jambo zito, kwa sababu kuna mipango mingi ya kusaidia watoto ambayo hupima mabati na magodoro, lakini haipimi ni mara ngapi mtoto alisemeshwa.

Tuanze na tishio. Mtoto anayeishi na hatari hujifunza kuitambua hatari haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Seth Pollak wa chuo kikuu cha Wisconsin aliwaonyesha watoto picha za nyuso ambazo zilianza na ukungu na kudhihirika kidogo kidogo. Watoto waliokuwa wamepigwa nyumbani waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, wakati uso ulikuwa bado haujaonekana sawasawa. Huo ni ustadi, na katika nyumba yao unawaokoa. Tatizo huanza mtoto anapoupeleka darasani, ambako mwalimu aliyekunja uso kwa sababu ya jua la dirishani anasomwa kama mtu anayekaribia kupiga.

McLaughlin alilichunguza jambo hili kwa jaribio ambalo linafaa kuelezwa kwa utaratibu. Mtoto huketi mbele ya skrini akiwa amefungwa vipima vidogo vinavyosoma jasho la mkono, jasho lile linalotoka mtu anaposhtuka hata kama uso wake umetulia. Picha mbili hupishana kwenye skrini. Moja hufuatiwa na kelele kubwa ya kuudhi, na nyingine haifuatiwi na chochote. Mtoto asiyepata kuteswa huelewa upesi: mwili wake hushtuka kwa picha ya kwanza na kutulia kwa ya pili. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016, watoto na vijana waliokuwa wamefanyiwa ukatili hawakuonyesha tofauti hiyo mwanzoni mwa jaribio. Mtu angetarajia kwamba wangeogopa zaidi, lakini miili yao ilishtuka kidogo kuliko ya wenzao kwa picha ya hatari, na haikutenganisha hatari na usalama. Ninavyoelewa mimi, hapo ndipo penye maumivu yenyewe: mtoto anayeshindwa kujua mahali salama ni wapi hawezi kupumzika popote.

Jaribio jingine la mwaka 2015 lilionyesha upande wa pili. Vijana waliokuwa wameteswa walionyeshwa picha za kusikitisha wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Walipoangalia tu, amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayoitikia mambo yenye uzito wa hisia, iliwaka kwao kuliko kwa wenzao. Walipoelekezwa kuifikiria picha kwa namna nyingine ili hisia zipungue, waliweza, na amigdala ilitulia kama ya vijana wengine. Ila iliwalazimu kuitumia zaidi sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosimamia juhudi na maamuzi. Uwezo wa kujituliza wanao, lakini wanaulipia bei kubwa kuliko wenzao, na wanailipa kila siku wakiwa darasani, kwenye daladala na katika ugomvi wa kawaida na ndugu zao.

Kuhusu kunyimwa, ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka Romania. Utawala wa Nicolae Ceausescu ulipoanguka mwezi Desemba 1989, dunia iliona makao ya serikali yaliyojaa maelfu kwa maelfu ya watoto walioachwa, wakilelewa na watumishi wachache mno. Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianzisha mradi jijini Bucharest wakiwa na watoto 136 kutoka makao sita, wenye umri kati ya miezi 6 na 31. Kwa kura, nusu walipelekwa katika familia za malezi ya kambo ambazo mradi wenyewe uliziandaa na kuzilipa, kwa sababu mfumo wa namna hiyo karibu haukuwapo nchini. Nusu nyingine waliendelea na huduma ya kawaida, na mradi haukumzuia mtoto yeyote kuondoka pindi familia ilipopatikana. Kura ndiyo inayoupa mradi huu uzito wa pekee. Katika tafiti nyingi za madhila huwezi kujua kama mtoto aliathiriwa na malezi au na jambo jingine lililotangulia malezi hayo. Hapa makundi mawili yalianza yakiwa sawa, na kilichoyatofautisha kilikuwa nyumba.

McLaughlin alijiunga na timu hiyo katika uchambuzi wa takwimu za watoto walipokua. Picha za ubongo zilizochukuliwa wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 10, na kuchapishwa mwaka 2014, zilionyesha kwamba waliolelewa katika makao walikuwa na gamba jembamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, katika maeneo mengi, na wembamba huo ulisaidia kueleza kwa nini wengi wao walishindwa kutulia na kuwa makini. Dhana ambayo yeye na Sheridan wanaitoa ni kwamba ubongo mchanga hutengeneza viunganisho vingi kuliko unavyohitaji, kisha hupogoa visivyotumika kama mkulima anavyopogoa mkahawa. Mtoto asiyesemeshwa na asiyechezeshwa anakuwa na viunganisho vingi visivyotumika, na mkasi hupita kwa wingi kupita kiasi.

Mwaka mmoja baadaye walichapisha jambo lililonigusa zaidi. Watoto hao, sasa wakiwa na miaka kama 12, walipewa kazi za kuwatia wasiwasi kidogo, kama kusimama na kuzungumza mbele ya watu, huku mapigo ya moyo na kortisoli, homoni ya msongo, vikipimwa. Miili ya waliobaki katika makao iliitikia kwa unyonge, kana kwamba kengele ya hatari imekatwa waya. Waliopelekwa kwenye familia walifanana na watoto wa kawaida wa Bucharest, lakini hilo lilitegemea sana umri: faida ilionekana kwa waliopata familia kabla ya miezi 24, na kwa upande wa kortisoli kabla ya miezi 18. Kuna dirisha, na dirisha hilo hufungwa taratibu wakati makaratasi ya mtoto yamekaa mezani yakisubiri sahihi.

Kama tishio na kunyimwa vingekuwa kitu kimoja chenye majina mawili, vingeacha alama zilezile mwilini. Mwaka 2020, Natalie Colich, McLaughlin na wenzao walikusanya tafiti karibu 80 zenye washiriki zaidi ya 116,000. Watoto waliopitia tishio walibalehe mapema, na chembe za miili yao zilionyesha dalili za kuzeeka haraka. Kwa waliopitia kunyimwa, dalili hizo hazikuonekana. Gamba la ubongo lilikuwa jembamba kwa makundi yote mawili, ila katika maeneo tofauti: kwa tishio ni maeneo yanayoshughulika na hisia na mahusiano, na kwa kunyimwa ni yale ya umakini na fikra.

Nadharia hii ina wapinzani makini, na haitakuwa haki kuwapitia kimya. Karen Smith na Pollak, huyohuyo wa nyuso zenye ukungu, waliandika mwaka 2021 kwamba tishio na kunyimwa hukaa nyumba moja mara nyingi mno kiasi kwamba kuvitenganisha kunaweza kuwa kazi ya kalamu tu. Waliongeza kwamba mtoto mwenyewe hulitafsiri tukio, na tafsiri hiyo, pamoja na kuwapo au kutokuwapo kwa mtu wa kumkimbilia, huenda ina uzito kuliko jina ambalo mtafiti amelipa tukio. McLaughlin na wenzake hujibu kwamba mambo yanayotokea pamoja yanaweza bado kufanya kazi kwa njia tofauti, na ndiyo sababu yanahitaji kupimwa kila moja kwa kiwango chake. Kwa maoni yangu hoja ya wapinzani kuhusu tafsiri ya mtoto ni ya kweli, na haiivunji nadharia. Inaidai iongeze kipimo.

Kuna tatizo jingine linalozigusa tafiti zote za aina hii, nalo ni kumbukumbu. Mwaka 2019, Jessie Baldwin, Andrea Danese na wenzao walilinganisha tafiti 16 zilizokuwa na taarifa za watoto zilizoandikwa wakati ule ule, pamoja na majibu ya watoto haohao walipokuwa watu wazima. Zaidi ya nusu ya waliokuwa na taarifa za mateso hawakuyataja ukubwani, na zaidi ya nusu ya walioyataja hawakuwa na taarifa hizo. Makundi haya mawili kwa kiasi kikubwa ni watu tofauti. Ndiyo sababu mradi wa Bucharest, uliowafuata watoto tangu wakiwa wachanga, unathaminiwa sana. Na Anda mwenyewe, mmoja wa waliozaa hesabu ile ya alama, aliandika mwaka 2020 kwamba haikutengenezwa kupimia mtu mmoja mmoja wala kumtabiria mgonjwa hatima yake.

Onyo hilo lina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Mwaka 2014, Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania, na wakakuta kwamba karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni. Hesabu ya alama inaishia hapa. Iwapo kila mtoto ana alama ya kipigo, alama hiyo haiwezi kumtenganisha mtoto na mwenzake. Inabidi kuuliza kwa kina zaidi: anachapwa mara ngapi, na nani, kwa kosa analolielewa au kwa jambo lisilotabirika, na baada ya hapo anamkimbilia nani. Hecker na wenzake walipouliza kuhusu kiwango, waliona kwamba kadiri mtoto alivyochapwa zaidi na wazazi au walezi, ndivyo alivyokuwa mkorofi zaidi na mzito zaidi kuwasaidia wenzake. Utafiti huo ulipima mambo yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo haukuweza kuthibitisha kipi kilitangulia. Lakini unaiweka fimbo mahali pake katika ramani ya McLaughlin. Kanuni za Tanzania zinaruhusu hadi viboko vinne shuleni, wakati Kenya iliviondoa mashuleni mwaka 2001. Anayechapa anakusudia kufundisha, ilhali kiboko ni tishio, na tishio ndilo linaloathiri uwezo wa mtoto wa kutambua usalama, uwezo ambao kujifunza kunauhitaji.

Kupambanua madhila kunabadilisha pia tiba. Mtoto aliyenyimwa anahitaji kupewa kilichokosekana, yaani mlezi, maneno na michezo, na anahitaji mapema. Mtoto aliyetishwa anahitaji kufundishwa upya kutofautisha hatari na usalama, na kuzituliza hisia zinazowaka haraka. Tiba inayofanya kazi hii ya pili imejaribiwa kwetu. Shannon Dorsey, Kathryn Whetten na wenzao wa Moshi na Bungoma waliwapatia watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, vikao 12 vya vikundi, pamoja na vichache vya mtoto mmoja mmoja, ambamo walijifunza kuutuliza mwili, kuyachunguza mawazo yao, na hatimaye kusimulia kifo chenyewe kidogo kidogo mpaka kisiwatishe tena. Watoto walikuwa 640, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Dalili za kiwewe zilipungua zaidi kuliko kwa watoto waliopata huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, yaani mjini na kijijini katika kila nchi, mara baada ya tiba. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilidumu Kenya, mjini na kijijini, wakati Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana.

Walioendesha vikao hivyo hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa washauri wa kawaida kutoka maeneo hayohayo, waliofunzwa kwa muda mfupi na kusimamiwa kwa karibu. Tangu mwaka 2023, McLaughlin anaongoza Taasisi ya Ballmer ya chuo kikuu cha Oregon, iliyoanzishwa jijini Portland kwa mchango wa dola milioni 425, na sehemu kubwa ya kazi ya taasisi hiyo ni kuwaandaa vijana wa shahada ya kwanza waingie mashuleni na kliniki kuwahudumia watoto ambao, hata katika nchi tajiri namna ile, hawawezi kufikiwa wote na wataalamu waliopo.